Zamu ya Mama Njiwa

Kwenye mkuyu mmoja huko Usambara, ndege walikuwa na jumuiya yao. Waliiita ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwa kuwa husimuliwa kwamba mtakatifu huyo aliwahi kusimama njiani akawahubiria ndege, nao wakatulia kumsikiliza. Katibu alikuwa Kunguru, yule mwenye kola nyeupe shingoni. Kwa ajili ya kola hiyo wageni walimdhania padre, naye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Mwanzoni mambo yalikuwa mepesi. Kila Jumatano jioni walikutana kwenye kiota cha mmoja wao: wimbo, somo, maombi, sadaka kikapuni, kisha habari za mtaa. Nani anaumwa? Nani kafiwa? Nani hajaonekana? Hivyo ndivyo maaskofu wa Afrika Mashariki walivyokusudia mwaka 1976 walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, Kanisa lianzie kwa jirani anayesikia ukikohoa usiku. Chai ukiikuta ulikunywa. Usipoikuta, hukuiulizia.

Ikafika zamu ya Mzee Fundichuma.

Fundichuma ana nyumba. Ni vijiti kwa maelfu, mlango umekandikwa udongo, na paa ambalo binadamu akilisimamia halibonyei. Jioni hiyo waumini walikuta kumbikumbi wa kukaanga, vyura wa mchuzi na samaki wa kupaka. Somo lilikuwa la Matendo ya Mitume, habari za Lidia wa Filipi, muuza nguo za zambarau aliyemshurutisha Paulo aingie kwake. Lilisomwa mbiombio ili mchuzi usipoe.

Wiki iliyofuata Kanga akaazima turubai. Kware, asionekane mnyonge, akakodi viti. Daftari la Kunguru nalo likabadilika: mstari mmoja wa somo, mistari tisa ya vyakula, na pembeni alama ya nani alirudia sahani. Msomaji aliyewahi kushika daftari la jumuiya anajua kwamba sijazidisha chumvi.

Zamu ilipomkaribia Hondohondo, mkewe aliingia pangoni mwa mti, akaziba mlango kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitishia mdomo. Kwa ukoo wao ni desturi, mama hujifungia hivyo akitamia, na mume humlisha kupitia ufa kwa zaidi ya miezi mitatu. Mwaka ule alijifungia mapema kidogo. Hakuna aliyeuliza.

Mama Njiwa hakuwa na udongo wala ufa. Kiota chake kilikuwa vijiti ishirini hivi, na ukisimama chini unayaona mayai mawili yamelala juu. Mara ya kwanza alileta udhuru wa wageni, mara ya pili mafua. Ya tatu alimtuma Shomoro, na ya nne Shomoro naye hakuonekana, kwa sababu zamu yake ilikuwa imekaribia.

"Imani imepoa," alisema Mzee Fundichuma, akichokoa meno.

Kila mwaka karibu na Novemba Padre Korongo huja kutoka Ulaya. Alipofika akauliza kama jumuiya iko hai, akasomewa daftari, akaridhika nusu. Jumapili akahubiri juu ya Zakayo, kwa kuwa naye alikuwa juu ya mkuyu. Alikumbusha kwamba Bwana alijialika mwenyewe nyumbani kwa yule mtoza ushuru, siku ile ile, bila kumpa wiki mbili za kuchangisha. Waumini walicheka mpaka manyoya yakasimama. Baada ya misa wakapitisha kikapu cha kununulia sahani za jumuiya.

Usiku mmoja mvua ilikuwa ikinyesha, na Shomoro akaja akigonga kila mlango: kinda la Mama Njiwa limezidiwa, mama yuko peke yake. Kunguru akafungua daftari. Jina lilikuwapo, namba kumi na nne, "ameomba kuahirisha" mara nne. Kiota kiko tawi gani, halikuandikwa.

"Wewe Shomoro si ulitumwa naye?"

"Alinituma sokoni. Kwake sijawahi kufika."

Wakatazamana. Mwaka mzima waliimba pamoja, na hakuna aliyejua mlango wa Njiwa uliangalia wapi.

"Mimi napajua," ikasema sauti kutoka nyuma ya nyumba ya Fundichuma.

Alikuwa Bundi. Kwa miaka mitatu alikaa kwenye kiota cha zamani cha Fundichuma, na hakuna aliyemtajia kodi wala jumuiya. Mtaani iliaminika kwamba akilia juu ya paa, ndani kuna atakayekufa. Kina mama waliwafunika watoto. Lakini giza lilikuwa giza, na macho yaliyoliona yalikuwa mawili tu. Wakamfuata kimya, Fundichuma mwisho.

"Hodi. Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina," akaitika Mama Njiwa, akitetemeka. "Jamani, karibuni... lakini sina pa kuwakalisha."

Hapakuwa na pa kukaa kweli. Wakajipanga tawini, Kware, Kanga, hata Hondohondo, mbawa zikigusana ili kuikinga mvua, kinda likiwa katikati. Mtu akaanzisha Baba Yetu. Hakuna aliyelala. Kulipopambazuka kinda lilifumbua jicho moja, likaomba chakula kwa sauti ya ukali, na Fundichuma akalia waziwazi, akasingizia umande.

Mama Njiwa akaleta maji kwenye kaka la konokono. Yakapita mdomo kwa mdomo.

Kunguru akaleta daftari mbele, kwa mazoea. Kwenye safu ya vyakula aliweka kalamu, akasita, akaandika: maji. Safu ya somo ikabaki wazi, maana hakukuwa na aliyesoma.

"Basi Jumatano ijayo tuko kwa nani?" akauliza, akikausha kurasa.

Bundi alikuwa amejitenga kidogo, jua likimuumiza macho.

"Hivi mimi," akasema, "zamu yangu huwa lini?"

Kanga akajishughulisha na unyoya uliokuwa umenyooka tayari. Fundichuma akaitazama njia ya kurudi. Kunguru akalowesha ncha ya bawa, akaanza kufunua kurasa, moja moja, akiitafuta herufi B.