Muhuri Upewe Maua Yake

Korosho za Ruangwa zimesifiwa, ufuta wa Nachingwea umesifiwa, na Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 ilisifiwa hata na watu wasiojua kuotea ni kitu gani. Muhuri wa ofisi haujawahi kusifiwa na mtu. Unagongwa kichwa kutwa nzima, unachovywa uso kwenye wino, unabusishwa karatasi za watu usiowajua, kisha unafungiwa ndani ya droo na mwenye ufunguo anaondoka kwenda semina. Dhuluma hii imedumu vya kutosha.

Anayepaswa kuongoza msafara wa shukrani ni mhitimu wa ustawi wa jamii aliyechoka kusubiri ajira za serikali, akaamua kufungua ofisi yake Nachingwea mjini. Amesoma Dar es Salaam, labda katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Anajua kusikiliza, anajua kuandika taarifa ya mteja, anajua namna ya kuongea na mtoto aliyeumizwa bila kumuumiza tena. Kazi ipo. Mwanamke akisema "nitakupeleka ustawi", mume anaelewa kwamba mazungumzo ya matunzo ya watoto yamekwisha kutoka jikoni. Na minada ya korosho ikianza, fedha zikaingia, ndoa zilizovumilia njaa hujikuta zinashindwa kuvumilia shibe. Maafisa wa halmashauri ni wachache, na kata ni nyingi. Kijana anaona nafasi yake.

Muhuri nao unamwona.

Unamwanzia kwa mtendaji, kwenye barua ya utambulisho. Unampeleka kwenye namba ya NIDA, BRELA kwa jina la biashara, TRA kwa namba ya mlipakodi, kwa mwenye nyumba kwa mkataba wa pango, halafu halmashauri kwa leseni ya biashara, inayoombwa siku hizi kupitia mfumo wa Tausi pale mtandao unapokubali. Akithubutu kuota ndoto kubwa zaidi, yaani makao ya watoto au kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamsubiri mlangoni na kanuni zake: maombi, ukaguzi, mapendekezo, na leseni ambayo pasipo hiyo hapokei hata mtoto mmoja.

Wasio na shukrani huyaita haya usumbufu. Fadhila ya kwanza ya muhuri ni kuchelewesha, na Nachingwea, kuliko wilaya nyingine yoyote nchini, inapaswa kujua thamani ya kucheleweshwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki kama tisa, ukarudi Uingereza na ripoti, na kabla mwaka haujaisha serikali ya huko ilikuwa imeshakubali kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matrekta yakaja kabla ya majibu. Bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikatandikwa kuingia bara hadi Nachingwea ili kubeba karanga ambazo hazijaota. Udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu, mvua ikafanya inavyotaka, mashine zikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Reli nayo, kwa kukosa mzigo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Hakuna aliyemwambia John Strachey, waziri wa chakula wa Uingereza, maneno matatu ambayo yangeokoa mamilioni ya pauni: "Mzee, njoo Jumatatu." Angeagizwa tu alete barua ya utambulisho kutoka kijijini, nakala tatu zilizothibitishwa na picha mbili za pasipoti, mvua ya msimu mmoja ingepita machoni pake kabla faili halijaonekana. Angeona mwenyewe jinsi inavyonyesha na jinsi inavyogoma.

Fadhila ya pili ya muhuri ni uchumi. Kila sharti jipya ni chakula mezani kwa mtu: mwenye steshenari anayetoa kopi, mpiga picha, wakili anayethibitisha vyeti, dereva wa bodaboda anayeambiwa "nirudishe tena halmashauri, nimesahau risiti", na mama ntilie ambaye wateja wake wakubwa ni watu walioambiwa wasubiri kidogo. Ikiwa sera ya kunyanyua wajasiriamali wadogo imefanikiwa mahali, imefanikiwa kwenye mistari ya maombi ya leseni.

Fadhila ya tatu ndiyo kubwa. Huko California, Marekani, anayetaka leseni ya kutoa tiba ya ustawi wa jamii kwa kujitegemea hutakiwa kukamilisha saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua wiki 104, na kufaulu mitihani. Huku kwetu saa hazihesabiwi, lakini mafunzo yanatolewa bure kwenye benchi la korido. Pale mwombaji anakaa katikati ya bibi anayefuatilia msamaha wa matibabu ya wazee na msichana mwenye mtoto mgongoni anayedai matunzo. Anaambiwa arudi kesho, kama wao. Anajifunza namna sauti inavyonyenyekea mbele ya dirisha, na namna mtu mzima anavyokunja karatasi yake mara nne ili isionekane kwamba haijagongwa. Hakuna mhadhara unaofundisha hivyo. Siku atakapokuwa na ofisi yake, atajua kwa nini mteja huja amekasirika kabla hajasalimiwa.

Palipo na sifa, hata hivyo, lazima paonekane na mipaka ya msifiwa. Muhuri una macho makali kwa majengo. Mkaguzi wa makao ya watoto ataangalia vyoo, maji, jiko, mahali pa kulala na idadi ya walezi, na ni vizuri aangalie. Lakini ofisi ya ushauri ya chumba kimoja, penye meza na viti vitatu, inaweza kukaa kwa leseni ya biashara tu, na leseni ya biashara haiulizi kama mwenye meza anajua kutunza siri. Daktari ana baraza lake, muuguzi ana baraza lake, mhasibu ana bodi tangu mwaka 1972, na mwalimu alitungiwa sheria ya bodi ya kitaaluma mwaka 2018. Maafisa ustawi wa jamii, kupitia chama chao cha TASWO, kwa miaka mingi wamekuwa wakiomba watungiwe sheria ya kuwasajili na kuwapa leseni.

Watu wazima, wenye shahada, wanaomba wawekewe masharti! Muhuri umewahi kupata heshima gani zaidi ya hiyo?

Wana sababu. Mkulima wa Ruangwa anaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kimyakimya nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, kwa bei ya kumuonea mwenye njaa. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kuzinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapelekwa kuzibeba, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa kama muuzaji kweli ana shamba. Wakulima halali walisota wakisubiri, na wakanung'unika kwa haki, lakini kila mmoja alielewa swali linatafuta nani. Ustawi nao una kangomba wake. Ni yule anayetundika kibao cha ushauri wa ndoa na malezi bila kusomea chochote, anayechukua siri za nyumba kwa bei poa na kuziuza kijiweni kwa bei ya juu. Huyo hakuna fomu inayomtaka aoneshe shamba.

Aliyesomea naye, akishapata kila karatasi, hukuta kuna milango ambayo muhuri wake haufiki. Sheria ya Mtoto inapomtaja afisa ustawi wa jamii, inamkusudia aliye katika utumishi wa Serikali. Ripoti ya uchunguzi wa kijamii ambayo Mahakama ya Watoto inaitegemea kabla ya kuamua hatima ya mtoto ni kazi ya huyo wa Serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hutaka shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na hati inayotambuliwa na mahakama hutoka kwenye baraza hilo. Kijana wetu anaweza kuwapatanisha wanandoa mpaka wakaondoka wameshikana mikono, lakini wakishindwana tena kabla ya kufika kwao, itabidi waanze upya kwa wenye muhuri.

Leseni ya biashara yenyewe hudumu miezi 12. Anayeipata Novemba, minada ikiwa imechangamka na simu za wake waliotelekezwa hazikomi, ataihuisha Novemba inayofuata, msimu ule ule ambao foleni ya halmashauri ni ndefu na wateja wake mwenyewe wamo ndani yake, wakimuuliza kwa adabu kama ofisi leo itafunguliwa.