DJ Hana Mkwe

Mama mkwe ameondoka leo alfajiri kurudi Muheza, kabla ya siku aliyokuwa amepanga. Amemuaga mke wangu, amewaaga watoto, amemuaga hata fundi anayepiga lipu ukuta wa jirani. Mimi niliponyanyua begi lake nilipeleke kwenye bajaji, alisema, "Acha tu, baba, mtoto atalibeba." Mtoto mwenyewe yuko chekechea. Begi likaburuzwa kwenye tope mbele ya macho yangu, nimesimama mlangoni mikono mitupu, na jirani akanisalimia kwa ile sauti ya chini ya kwenye msiba. Basi nikajua mtaa mzima umesikia. Kwa sabufa ile, wangekosaje?

Yote haya yametokana na kutafuta tamthilia mpya.

Mama si mtazamaji wa kubahatisha. Mwaka 2011, TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou iliyotiwa Kiswahili, yule muuguzi wa Beijing mwenye mama wakwe zaidi ya mmoja, mama aliifuata mpaka mwisho akiwatetea mama wakwe. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 na kuitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake, mama alilipokea kama jambo la kawaida, maana kiongozi mwenye akili angeachaje kuitaja? Kisha ikaja Sultan ya Azam TV. Hapo alihamia kabisa. Waturuki waliitengeneza kati ya 2011 na 2014, vipande 139, na kila kipande kwao kinakaribia saa mbili, ndiyo maana ikisafirishwa nje hukatwakatwa na kuzaa vipande vingi kuliko vya nyumbani kwake. Mwigizaji wa malkia Hürrem, Meryem Uzerli, aliondoka 2013 kabla ya mwisho, akaletwa Vahide Perçin kuvaa nafasi yake. Mama hajasamehe. "Wamemleta mtu mwingine wakadhani hatuoni," husema, utadhani ni jambo lililotokea kwenye ukoo.

Sifa kubwa ya tamthilia za Kituruki ni kwamba unaweza kuzitazama na mkwe. Televisheni za kwao sigara huifunika ukungu, na chupa ya pombe vilevile. Mwana wa mfalme akinyongwa kwa amri ya baba yake, hilo linaonyeshwa bila wasiwasi, na mama hunyongewa watu huku akimenya chungwa. Damu haimvunjii mtu heshima.

Kwa hiyo mke wangu aliniagiza kitu rahisi: sizoni mpya, ya watu wazima, yenye heshima, iliyotafsiriwa, mama asikae akitazama ukuta.

Laibrari ya mtaani kwetu ni meza, kompyuta isiyo na mfuniko, na kijana mwenye kofia ya sufu katika joto la Februari. Unampa flashi, anakujazia, unalipa. Hakuulizi unapenda nini. Anakutazama tu na kuamua.

"Mzee, mapigano, mapenzi au wafalme?"

"Nataka ya watu wazima wanaofikiri."

Alinionea huruma. "Basi wafalme."

"Naweza kukaa nayo na mama mkwe?"

"Mzee, hii ni mambo ya familia mwanzo mwisho. Baba, kaka, dada, wote wanagombea kiti. Na DJ ameiua!"

Hakudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Hapa lazima niieleze kazi ya DJ, maana asiyeijua hataupata uzito wa msiba. Sultan ilitafsiriwa kwa kundi: kila mhusika na sauti yake, maneno yakivizia midomo. DJ ni mtu mmoja. Yeye ndiye mfalme, ndiye malkia, ndiye mtoto mchanga, na akijisikia ni farasi pia. Kwetu sifa za kuanzisha mchezo huu hupewa marehemu Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu wa enzi za kanda za VHS. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo anayezisimulia filamu kwa Kiluganda. Wa kwangu sitamtaja. DJ hatafsiri maneno peke yake. Sauti ya awali anaishusha mpaka inabaki kunong'ona nyuma, kisha anakaa kati yako na picha na kukusimulia: huyu ana deni la yule, yule alikwisha kuoa, msimwamini mwenye ndevu. Anatania, anatabiri, anasalimia washikaji zake wa Temeke katikati ya vita.

Na ustadi wake hasa uko pale wahusika wanaponyamaza. Kimya ni adui wa DJ. Wazungu wanaweza kukaa dakika nzima wakitazamana bila neno, na mteja wa kibanda umiza akaanza kudai pesa yake, akidhani mashine imekufa. Kwa hiyo DJ hujaza. Kila panaponyamaza anamwaga maelezo, na kadiri kimya kinavyorefuka ndivyo anavyochangamka. Nasema bila kejeli: ni ufundi mkubwa. Nimewahi kuirudia kwa Kiingereza filamu niliyoizoea kwa DJ, nikaiona imepoa, haina chumvi.

Sasa jiulize: kwenye tamthilia ya Kizungu, ni wakati gani watu hunyamaza kwa muda mrefu kuliko wote?

Tuliketi baada ya Isha. Mwanzo ulikuwa mzuri, watu wakakatwa vichwa kwenye theluji, mama akasema hao nao wanajua kuvaa. Mke wangu akanitazama kwa sifa, jambo lisilotokea kila mwezi. Ndipo kaka mtu na dada mtu wakaingia chumbani na mlango ukafungwa nyuma yao. Nilishtuka, lakini nikajipa moyo. Mama ana mtoto wa jicho, anasubiri upasuaji. Picha za gizagiza hazioni. Tukinyamaza sote litapita, naye atadhani wanasali.

"Haya wapenzi watazamaji!" DJ akanguruma. "Mlango umefungwa! Mnadhani wameingia kuhesabu mahindi?"

Masikio ya mama hayana tatizo lolote.

"Na kwa waliochelewa kukaa, nawakumbusha: huyu ni dada yake! Tumbo moja, ziwa moja!"

Niliruka nikaizima televisheni kwa kitufe chake. Sebule ikawa giza, na ndani ya giza lile sauti ikaendelea, safi, yenye mwangwi, sasa ikiwa haina hata picha ya kuipunguzia nguvu.

Sababu ni nyaya. Deki ina matundu matatu nyuma yake: la njano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Televisheni nyembamba za siku hizi zina spika ndogo zinazotazama ukutani, kwa hiyo kila nyumba inayojiheshimu huupeleka waya wa njano kwenye televisheni, na ule mwekundu na mweupe kwenye sabufa. Ni mpangilio wa akili. Maana yake, hata hivyo, ni kwamba televisheni haina habari kabisa na sauti. Ukiizima umefumba jicho tu. Deki inaendelea kusoma flashi, sabufa inaendelea kuhubiri. Fundi aliyetufungia hakutuambia hili. Alisifia besi tu.

Nikaivamia sabufa. Ina vitufe viwili vya kuzungusha, maandishi yake yalifutika zamani kwa vitambaa vya kufutia vumbi. Nikakishika kimoja na kukizungusha mpaka mwisho. Kilikuwa cha besi. DJ akawa na sauti nzito, yenye mamlaka, vikombe vikaanza kutembea kabatini, na maelezo ya nani ameshika nini yakapitia sakafuni hadi kwenye miguu ya wote waliokuwamo.

Rimoti ya deki ilipotea mwaka ule wa msiba wa babu. Soketi ya ukutani iko nyuma ya kochi alilokalia mama. Kuizima ningelazimika kupitisha mkono begani kwake, na heri ningeichoma moto nyumba. Umeme, ambao kwetu hukatika jioni bila kubisha hodi, usiku ule uliamua kukaa utazame. Ndipo nikaichomoa flashi yenyewe. Kumbe deki husoma mbele kidogo na kuweka akiba kwenye kumbukumbu yake. Flashi iko mkononi mwangu, imetoka, ya moto, na DJ bado akapata nafasi ya kumalizia sentensi:

"...na shuka nalo limejionea!"

Kukawa kimya. Mama akajifunga khanga yake vizuri, akainuka taratibu, akauliza, "Huko kwao hakuna wazee?" Kisha akaenda kulala bila kula. Mke wangu hakuniuliza kitu. Alichukua flashi mkononi mwangu kwa ncha za vidole na kuitumbukiza kwenye debe la mkaa.

Nimelitafakari jambo hili kuliko afya yangu inavyoruhusu. Marekani tangu 1997 wana alama za kubandika pembeni ya skrini, na tamthilia kama ile ingebeba alama ya wakubwa tangu sekunde ya kwanza. Sisi tuna Bodi ya Filamu na sheria ya mwaka 1976, na filamu hupangwa madaraja. Lakini zamani kanda ilikuwa na kava, na kava lilikuwa na picha na maandishi. Hata baba mwenye haraka aliona dalili. Flashi haina kava. Kinachofika sebuleni kwako ni jina la faili, herufi mbili na tarakimu nne, pamoja na neno la kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hana mkwe. DJ naye hana mkwe. Hakuna hata mmoja mwenye mkwe katika mnyororo mzima kutoka studio mpaka mezani, na mzigo wote ukaniangukia mimi niliye naye.

Na kuna linalonikera zaidi, wala halichekeshi. Nani aliamua kwamba tamthilia ya watu wazima ni kuvua nguo? Mimi ni mtu mzima. Nina ada ya shule nusu, nina kiwanja chenye wenyewe wawili na hati tatu, nina goti linalojua mvua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa. Nina kaka hatusemezani kwa sababu ya mazishi. Hayo yangejaza sizoni nane bila mtu kufungua kifungo cha shati. Ukiomba ya watu wazima unapewa miili na vichwa vilivyokatwa. Ukiomba ya heshima unapewa watoto wa sekondari wanaolia mvuani. Aliyekaribia kunitazama usoni ni yule muuguzi wa Beijing na mama wakwe zake, na yeye alimalizwa zamani. Nimelipa, nimelipia na umeme, na hakuna anayenitengenezea mimi kitu.

Siku zilizobaki nilijaribu kufidia. Ya Kidenmaki: maiti ziwani, mvua, nikalala. Ya Kituruki niliyoipata kwa shemeji ilikuwa na maandishi ya Kiarabu. Nikafungua moja kwenye simu, bando likaisha wakati wa wimbo wa mwanzo.

Ya Kikorea, kwenye flashi mpya ya kijana yuleyule na DJ yuleyule, ndiyo ilinipa tumaini: mjane muuza samaki na mwanawe mwanasheria, vipande kumi na sita, hakuna mlango unaofungwa. Mama alitoka chumbani, akakaa kwanza kizingitini, kesho yake kwenye mkeka. Kipande cha tisa mjane akafungua barua ya mahakama, akaisoma, akashika ukuta. Flashi ikaishia hapo. Nilitafuta cha kumi kila pembe ya ile flashi. Mama akasema, "Sawa," na kwenda kufunga begi.

Leo mchana nimemfuata yule kijana nikiwa na hasira za kutosha.

"Mzee, hicho cha kumi hakipo," akasema. "DJ ameokoka."

"Ameokoka?"

"Tangu Desemba. Sasa anatafsiri mahubiri, wachungaji wakija kutoka nje. Hatari sana, mzee, watu wanaanguka."

Nimemuuliza kanisa liko wapi. Liko Mbagala, ibada ya pili inaanza saa nne, na inasemekana baada ya ibada huwa anabaki kidogo kujibu maswali.