Namna ya Kununua Jiko la Shule Ukiwa Sumbawanga

Kwanza vaa sweta. Mwezi wa Juni, kwenye uwanda wa Ufipa, mita zipatazo 1,800 juu ya bahari, vidole vilivyoingia ganzi huongeza sifuri, na sifuri moja ya ziada kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, ni kesi.

Sasa fungua mfumo. Tangu ulipoanza kutumika mwaka 2023, zabuni za umma zimeacha kubebwa kwenye makabrasha mazito. Vizuri. Lakini rimu ulizookoa zipime na lori la kuni linaloshusha mzigo nyuma ya jiko la shule ya bweni, ndipo ushangilie.

Msitu hufa au hupona pale unapojaza mahitaji. Kabla hujaandika “kuni, tripu 12”, tazama nje: Ufipa ni nchi ya majani kuliko miti, na milima ya Mbizi haina msitu wa ziada wa kuchoma. Tena Serikali ilikwishaagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024.

Andika jiko la gesi au umeme, lakini usiishie hapo. Andika vipuri, fundi wa karibu, na mafunzo ya wapishi. Piga hesabu ya miaka mitano, pamoja na gesi yenyewe. Jiko rahisi ambalo vali yake hupatikana Dar es Salaam tu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, litageuka kiota cha kuku kabla muhula haujaisha.

Ukifika kwenye chakula, maharage yasichanganywe na sabuni na mchele katika zabuni moja. Hapo umeshawafungia mlango kina mama wa kikundi. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, ila asiyesajiliwa mfumo haumwoni. Mchukue afisa maendeleo ya jamii na kompyuta yako, mkawafuate huko huko kijijini. “Shikamoo mama, tumekuja tujisajili.” Kaeni mpaka mmalize, hata mtandao ukigoma mara tatu. Haipendezi maharage ya Ufipa yapande lori hadi Mbeya, kisha yarudi kwa hati ya ununuzi (LPO).

Siku jiko likifika, kamati ya mapokezi isisaini haraka. Mwiteni mpishi aliwashe mwenyewe, na msubiri uji uchemke.