Namna ya kuwa avoka wa majina na mitambo, Goma

Toga ingoje. Kwanza panda milima ya Masisi ukale jibini. Linateremka Goma kutoka mashamba ya huko, na wasafiri wamelibeba mpaka Kinshasa wakiliita la Goma. Jina likishakuwa na ladha, lina thamani, na linahitaji mtetezi.

Mteja wako wa kwanza atakuwa mama wa mtaa wa Birere aliyeona jina la bidhaa yake kwenye chupa za mwingine.

“Maître, Birere yote inajua hiyo jina ni yangu.”

“Mama, Birere haipige muhuri.”

Mweleze taratibu, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa. Wimbo unalindwa tangu unapotungwa: ndivyo inavyosema sheria-amri nambari 86-033 ya 5 Aprili 1986. Alama ya biashara ina njia nyingine, sheria nambari 82-001 ya 7 Januari 1982: anayetangulia kuiandikisha ndiye mwenyewe, kwa miaka 10, kisha aihuishe. Maombi yanaishia Kinshasa, kwenye Wizara ya Viwanda. Kongo haimo OAPI wala ARIPO, mashirika ya Afrika ya kuandikisha alama, kwa hiyo karatasi ya makao yao Yaoundé au Harare haimwokoi. Wala hakuna basi la kumfikisha Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025. Muuza chupa za bandia haulizi njia iko wapi. Ndiyo maana nasema andikisha kabla ya kutundika kibao dukani.

Stajie ya uavoka ya miaka 2 utaipita tu. Kwenye tribinali ya biashara, jifunze kuongea na majaji wawili wanaotoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Jaji wa taaluma anakaa katikati yao. Hao wawili wanaujua uchungu wa mzigo uliododa, basi wape hesabu ya magunia kabla ya Kilatini. Tangu 12 Septemba 2012 tumo OHADA, umoja wa Afrika wa sheria za biashara, na kesi ya kampuni inaweza kufika mahakama yake ya Abidjan. Ila kuandikisha alama hakumo katika sheria zake.

Kuhusu chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, usipokee pesa ya mtu anayetaka kuimiliki. Imekwishajulikana, hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu iko kwenye mzunguko wa barabara hapa Goma. Lakini kijana akija na breki mpya ya chukudu, funga mlango, mkalishe, mpe chai, na umkataze kuiteremsha mtaani mpaka ombi la hataza liwekwe. Asiionyeshe hata kwa shemeji.