Mbuzi Hana Fomu

Kwenye shule zetu hakuna anayeomba kuwa refa. Unapangiwa, kama unavyopangiwa zamu ya wiki. Mkuu wa shule anazungusha macho ofisini: anamruka mwenye presha, anamruka aliyeoa juzi, anawaruka wale walioinamia madaftari ghafla kana kwamba mitihani ni kesho, mpaka macho yanatua kwa mwalimu mgeni mwenye raba. Mimi nilikuwa na raba.

"Mwalimu, wewe si ulikuwa kwenye mpira kule chuoni?"

Nilikuwa kwenye mpira, ndiyo, upande wa watazamaji. Kabla sijafafanua, jina lilishaandikwa.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, watu huijua ikiwa imefika taifa, kama ilipofanyika Tabora mwaka 2022, na bendera na wageni rasmi. Ila kabla ya taifa kuna mkoa, kabla ya mkoa kuna wilaya, na chini kabisa kuna kata. Huko juu wanachezesha watu wenye vyeti na beji kifuani. Huku katani Msanzi anachezesha mwalimu wa Jiografia mwenye kipyenga cha plastiki alichorithi kwa mwenzake aliyehamishwa, chenye alama za meno ya marehemu. Hajafa, amehamia Katavi, lakini ukikiona kipyenga chenyewe utadhani ni urithi wa msiba.

Kadi nilizitengeneza mwenyewe. Ya njano nilikata kwenye manila, nyekundu nikaipata kwenye jalada la kaunta buku. Aliyezibuni hizi kadi ni Mwingereza, Ken Aston, baada ya vurugu za Uingereza na Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1966. Wazo lilimjia akiwa barabarani, kwenye taa za kuongozea magari, na kadi zikaanza kutumika Mexico mwaka 1970. Wazo zuri kwa watu waliozoea taa. Kijijini kwetu hakuna taa ya namna hiyo, na nilipomwonyesha njano beki mmoja wa kidato cha tatu, aliipokea kwa mikono miwili akapiga goti kidogo. Alidhani anapewa.

Nilipopangiwa kazi Rukwa, ndugu zangu wa Tanga walinionya sana kuhusu radi, maana ukitaja Sumbawanga kila mtu ana hadithi ya binamu wa jirani yake aliyerushiwa. Nimekaa Msanzi, radi ya kutumwa sijaiona. Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni upepo. Uwanda wa Ufipa sehemu kubwa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ikifika Juni upepo unapita pale kama una miadi Zambia. Unafua nguo, jioni unazifuata kwa jirani.

Siku ya mechi yangu ya kwanza wageni walikuwa vijana wa upande wa ziwani. Ziwa Tanganyika liko chini, mita 770 na ushee, na kule kuna joto la kulala bila shuka. Walipanda mlima na lori la wazi, wakashuka meno yakigongana. Golikipa wao alivaa sweta la shule juu ya jezi, na juu ya sweta koti la mwalimu wake. Nilimvua koti. Sweta nilimwachia, sheria zinataka golikipa atofautiane rangi na wenzake, na yeye alitofautiana hata na binadamu wengine.

Kipindi cha kwanza, golikipa huyo akaweka mpira chini apige goli kiki. Akarudi nyuma, akakimbia, akaupiga juu kwa nguvu zote za migebuka ya ziwani aliyokulia. Mpira ukapanda, ukatoka nje ya boksi, ukasimama hewani. Halafu ukageuka. Sote tulikuwa tunautazama: wachezaji, walimu, mama wa maandazi. Ukarudi taratibu, ukapita juu ya kichwa chake, ukadunda mara moja, ukaingia golini.

Uwanja ulilipuka. Mimi nikaonyesha kona.

Sheria ya 16 iko wazi: mpira wa goli kiki ukiingia moja kwa moja kwenye goli la aliyeupiga, si bao, ni kona kwa wapinzani. Lakini huo ni uamuzi usio na rafiki. Wenyeji wananyang'anywa bao wanaloliona kwa macho, wageni wanaadhibiwa kwa kosa la upepo. Wakapiga kelele pamoja, kwa umoja ambao mabango yote ya UMISSETA hayajawahi kuuleta.

Akaingia uwanjani mzee mwenye nyumba wangu. Mkononi kamba, mwisho wa kamba beberu. Huwezi kumtoa nje kwa kipyenga mzee unayempa kodi. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mpira umeingia, haujaingia?"

"Umeingia, mzee."

"Sasa?"

"Sheria ya 16 inasema ni kona."

"Sheria ya nani?"

"Ya dunia nzima, mzee."

Akageuza uso kule upepo unakotoka, akavuta pua. "Na huu upepo ni wa dunia nzima?"

Nikapuliza kipyenga kona ichezwe. Mzee akatoka akitikisa kichwa, na katika kutikisa kichwa huko kamba akaiacha.

Mwaka 2016 Simba na Yanga walichezeshwa na mwanamke, Jonesia Rukyaa wa Kagera. Mechi ile ina presha ambayo mimi siwezi hata kuiota. Ila naamini hajawahi kukutana na beberu.

Kipindi cha pili, mshambuliaji wetu akamtoka golikipa, akamwacha amelala karibu na alama ya penalti, akausukuma mpira kwenye goli tupu. Tupu kwa maana ya watu. Beberu alikuwa kwenye mstari anakula nyasi. Mpira ukamgonga paja, ukaingia.

Hapa ndipo nilipoupenda kwa dhati mpira wa miguu, kwa sababu waliotunga sheria walishafika Msanzi kabla yangu. Sheria ya 5: mpira unaelekea golini, akaugusa asiyehusika, bila kumzuia beki wala kipa kuucheza, ukaingia, ni bao. Isipokuwa aliyeingilia awe wa timu inayoshambulia.

Mwalimu wa wageni, anayefundisha Uraia, alinusa kipengele hicho cha mwisho kutoka mbali.

"Mbuzi ni wa nani?"

"Wa hapa."

"Basi ni wa timu inayoshambulia."

"Mwalimu, mchezaji ana fomu yenye picha na muhuri wa mkuu wa shule. Mbuzi hana fomu."

"Kwa hiyo unakiri mmechezesha asiyesajiliwa?"

Bao lilisimama, wakafungwa moja bila, na posho yangu ikawa soda ya moto na maandazi mawili. Kwenye ripoti ya kwenda wilayani, Matai, niliandika jina la mshambuliaji, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wanaliona dhuluma hadi leo.

Usiku mzee akagonga mlango. Beberu anachechemea, akasema. Kisha akaketi.

"Lile bao lilihesabiwa?"

"Lilihesabiwa, mzee."

"Wachezaji walipewa soda?"

"Walipewa."

Akanitazama bila kusema kitu. Nikamwambia mambo ya posho si ya refa, yapo kwa mhasibu wa shule. Saa mbili asubuhi, gwaride likiwa limesimama, mzee akaingia getini na beberu wake kwenye kamba, akauliza ofisi ya mhasibu iko wapi.