Mkaguzi Kapanda Dutwa

(Basi la asubuhi, Bariadi kwenda Mwanza. Nyuma kabisa yumo Jogoo ndani ya tenga, na Mbuzi aliyefungwa miguu yote minne. Dirishani linaning'inia Koti la mitumba. Kimashine cha tiketi kimo mfukoni mwa konda, naye konda kaegemea papo hapo.)

JOGOO: Mwangaluka, mayu.

MBUZI: Mwangaluka, mwanangu. Mbona tumesimama? Ndiyo Dutwa?

JOGOO: Ndiyo. Kapanda bwana mmoja wa shati jeupe, kitambulisho shingoni. Konda alipomwona tu, akaanza kuchekea watu asiowajua.

KIMASHINE: Mkaguzi huyo. Na mimi nimezimwa tangu tutoke mjini.

MBUZI: Umezimwa, na unaongea?

KIMASHINE: Mayu, mimi sijawahi kuisha chaji. Pale stendi, mbele ya watu, natoa tiketi mpaka karatasi inapata moto. Tukishapita nyumba za mwisho, abiria wa njiani wakianza kupunga mkono, konda ananibonyeza ubavuni na kutangaza chaji imekata. Hela za hao haziingii kwangu, na kwa tajiri mwenye basi hazifiki.

JOGOO: Huyu kijana wa siti ya mbele yetu alitoa elfu tano. Noti niliiona.

KIMASHINE: Anashuka Lamadi. Kilomita kama 72. Viwango vya nauli vya LATRA vya Desemba 2023, daraja la kawaida, ni shilingi 48.47 kwa kilomita. Haifiki 3,500.

MBUZI: Basi huyo ndiye anayedai!

KOTI: Subirini muone.

(Mkaguzi amefika nyuma. Kijana anasema alimlipa konda. Konda anatazama ng'ombe walioko nje. Mkaguzi anataka elfu kumi, nauli pamoja na faini, na simu ya kijana imeshaingia mfukoni mwake "kama dhamana".)

JOGOO: Huyu bwana ni wa serikali?

KIMASHINE: Wa tajiri, kama dereva. Wa serikali wapo, wa LATRA, mamlaka iliyorithi kazi ya SUMATRA ya usafiri wa ardhini kwa sheria ya mwaka 2019. Hao humbana mwenye leseni na gari lake. Huyu ana uwezo wa kuuliza tiketi, kudai nauli, na ukigoma kulipa, kukuomba ushuke. Faini ya kutungwa hapa katikati ya korido hajapewa na mtu. Simu ndiyo kabisa.

MBUZI: Na kumkamata?

KIMASHINE: Hapo anasimama sawa na raia mwingine yeyote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa miongoni mwa yale yaliyotajwa humo. Akishamkamata, amkabidhi polisi bila kuchelewa, na asimbane kupita kiasi cha kumzuia asitoroke.

JOGOO: Kumbe! Na mimi kufungiwa humu tangu jana usiku?

MBUZI: Wewe si mtu. Tulia.

KOTI: Mnalalamika bure. Mimi kabla sijafungwa kwenye belo nilipanda sana treni za Berlin. Kule mkaguzi anaweza kuvaa kiraia. Unadhani ni mwenzio anakwenda kazini, ana kahawa mkononi, mara kachomoa kitambulisho. Euro 60. Na juu ya hapo kuna kifungu cha 265a cha sheria yao ya makosa ya jinai, kiliingizwa mwaka 1935, na mnajua nani alikuwa ameshika nchi. Kupanda bila kulipa, mpaka mwaka mmoja jela.

MBUZI: Kwa nauli?

KOTI: Kwa nauli. Wengi wanahukumiwa faini, wanaikosa, wanaingia ndani. Mwaka 2021 mwandishi wa habari mmoja, Arne Semsrott, akaanzisha mfuko wa kuwachangia hela watoke.

MBUZI: Mtu hana hela ya treni, mnampa chumba na chakula bure?

KOTI: Mjerumani akishaandika kitu...

MBUZI: Tunamjua, alishakaa hapa. Sisi kwetu Itilima watu husema kuna fisi wanaopandwa na wachawi usiku. Sijasikia hata mmoja kasimamishwa kwa ajili ya tiketi.

KIMASHINE: Fisi hana konda.

(Kijana anasema, kwa sauti ya basi zima kusikia: "Sawa, mkubwa. Tukifika Lamadi twende wote polisi.")

JOGOO: Mbona mkaguzi kanyamaza?

KIMASHINE: Anapiga hesabu. Polisi watamuuliza kijana alimlipa nani. Watamgeukia konda. Konda atanitoa mfukoni. Nikiwashwa nitasema nina abiria 31, na wao watahesabu vichwa 52. Kutoa tiketi ni wajibu wa mwenye basi, hakuna abiria aliyepewa kazi ya kuichapa. Kesi itaanza na huyu kijana, na kufika jioni iko mezani kwa tajiri.

MBUZI: Si ndiyo vizuri? Mkaguzi si kaletwa na tajiri ili wezi wapatikane?

KIMASHINE: Mayu, nimeishi mfuko huu tangu nitolewe kwenye boksi. Kila mkaguzi akishuka, noti, jirani zangu humu, zinapungua mbili tatu.

MBUZI: Ahaa.

(Simu imerudi kwa mwenyewe. Konda anachomoa Kimashine. "Mtandao umerudi, ndugu abiria." Karatasi inatoka, imeandikwa 3,400.)

JOGOO: Na ile 1,600?

KIMASHINE: Ipo. Mimi na yeye tutarudi kulala mfuko mmoja.

(Lamadi. Kijana anashuka na tiketi yake, kaikunja ndani ya kitambulisho cha NIDA. Mkaguzi naye anashuka, anavuka barabara, anapunga mkono. Basi la kampuni nyingine linaloelekea Bariadi linasimama.)

JOGOO: Koti, wewe uko dirishani. Konda wa kule kanyoosha mkono, jamaa katoa ngapi?

KOTI: Hajatoa kitu. Kasema "stafu", kaingia kukaa mbele.

MBUZI: Stafu ndiyo shilingi ngapi?