Sifa za Haisi Iliyojaa

Haisi imesemwa vibaya na kila aliyewahi kuipanda. Trafiki anaisema, mwalimu aliyechelewa kipindi anaisema, na mama aliyekaliwa tenga lake la nyanya anaisema kuliko wote. Wa kuitetea hajatokea. Basi najitokeza mimi, na hoja yangu ni moja: katika kumfundisha mtu lugha ya ugenini, gari hili lisilo na ratiba, lililosheheni watu, kuku na madumu, halina mpinzani.

Tuanze na ubovu wake, maana ndimo ilimo elimu. Mgeni anayetoka Korogwe kwenda Kwamndolwa hapewi ramani wala haoni saa ya kuondoka. Hakuna sauti ya kumtajia kituo kinachofuata, na nauli, hata ikibandikwa, imebandikwa nyuma ya kichwa cha mtu. Hana budi kuuliza. Auliza gari la wapi, auliza linaondoka lini, anajibiwa "bado mmoja tu". Wanaingia sita. Auliza tena. Shule gani nyingine humlazimisha mwanafunzi kufungua mdomo kabla hata hajakaa?

Akishakaa, somo linahamia kwa konda. Msikilize anavyopakia: "Mama, mtoto huyo mpakate. Begi hilo liende juu. Madumu hayo yasogee kule. Kuku hawa mwenyewe nani?" Upatanisho wa ngeli umepita wote kwa pumzi moja, tena kwa vielelezo vinavyoonekana, kimoja kikimdonoa mwanafunzi mguuni. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na sioni kwa nini lisimfikirie konda kwa cheti, hata kile kidogo.

Vituo navyo ni somo la historia. Mtu anashushwa penye mwembe, na mwembe ulishakatwa. Mwingine anashushwa kwa fundi baiskeli, na fundi alihamia Handeni zamani. Mgeni hatashuka salama mpaka amwamkie mzee wa siti ya pembeni, apokee marahaba yake, kisha asikilize habari za mwembe ule tangu ulipokuwa ukizaa. Huku siti ya nyuma kuna Kizigua, mbele Kisambaa, mlangoni Kibondei, na wote wanasikilizana vizuri tu, isipokuwa yeye.

Nayasema haya kwa sababu ya vijana wetu. Wapo wanaopanda Moshi na Arusha kutafuta kazi ya kuongoza watalii, na wamegundua kwamba anayejua Kihispania hushindana na wachache. Wanajifunza kwenye simu. Simu inawafundisha kusema tufaha ni jekundu. Sijasikia mgeni aliyekwama mlimani kwa kutojua rangi ya tufaha.

Basi mjini kwa wenye lugha ni bora zaidi? Inategemea wanapandaje. Madrid wana treni za chini ya ardhi tangu mwaka 1919: michoro ukutani, rangi kwa kila njia, na sauti iliyorekodiwa inayotaja kituo kijacho kwa matamshi safi ambayo hayajibiki. Kijana wetu angeweza kuzunguka mji mzima na kurudi kitandani bila kumsemesha mtu. Mexico City walikosea kwa wema zaidi. Treni zao zilipoanza mwaka 1969, kila kituo kilipewa picha yake ili hata asiyejua kusoma asipotee. Chapultepec ni panzi. Huruma kubwa kwa abiria, balaa kwa mwanafunzi. Anahesabu picha tu mpaka amfikie panzi, anashuka kama bubu.

Lakini Mexico hiyohiyo kuna vibasi vya watu binafsi, na humo ndimo mlimo na neema. Aliyekaa nyuma hupitisha nauli mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ileile, kila mkono ukiombwa na kushukuriwa. Hakuna kengele ya kutegemea: anayeshuka anapaza sauti, "¡Bajan!" Mtoto wa Kwamndolwa angejiona yuko nyumbani.

Lima ndiko hasa kwa ndugu zetu. Huko kuna konda kamili, mlangoni, anayeimba majina ya barabara na kuwaapia abiria kwamba nyuma kuna nafasi, al fondo hay sitio. Nyuma hakuna nafasi. Uongo huo umependwa hata televisheni ya Peru ikaipa tamthilia jina hilo, tangu mwaka 2009. Kijana aliyelelewa na "songa nyuma, nyuma kweupe" angeuelewa kabla hajafungua kamusi.

Isitoshe, ujirani wetu na nchi za Kihispania ni wa zamani, na ulianza kwa safari mbaya. Mkonge unaouona ukijipanga pande za Korogwe asili yake ni Yucatán, Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida; iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Wanaolalamikia haisi wakumbuke kwamba abiria wetu wengi hufika.

Hofu yangu ni maendeleo. Dar es Salaam waliingiza mwendokasi mwaka 2016, na vituo vyenye majina yaliyoandikwa. Wakifikia kuvileta huku, mgeni atasoma, atashuka, na hatamjua mtu.

Kwa hiyo, anayetaka kuhitimu mapema afanye hivi. Akae karibu na mlango, alipo mwalimu. Asibebe hela ndogo; atoe noti ya elfu kumi kwa nauli isiyofika hata robo yake. Konda atasema chenji atapewa mbele. Hapo ndipo panapoanza darasa la juu: kukumbusha kwa upole, kukumbusha kwa mkazo, kuomba abiria wawe mashahidi, kutaja kilichotolewa, kinachodaiwa na kitakachotokea asipolipwa. Akishushwa bila chenji, amefeli. Apande tena kesho. Gari litakuwepo, saa ndiyo haijulikani.